Kutandika Ziwa

Jimbo la Minnesota hujiita nchi ya maziwa 10,000, na hapo limejipunja, maana maziwa yenye ukubwa wa ekari 10 na kuendelea yamehesabiwa 11,842. Ikifika Januari mengi yake huwa yameganda, na watu wazima, wenye akili zao na mikopo ya nyumba, huhamia juu yake. Hutoboa barafu kwa keekee, huteremsha mshipi, hukaa. Wenye uwezo huvuta vibanda vya magurudumu vyenye vitanda, majiko na televisheni. Sisi wengine tuna hema la kukunja. Ukilivuta kamba zake linafumuka na kusimama, lina paa, lina kuta nne, lina mlango wa zipu, na halina sakafu. Chini ni ziwa.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mgeni hajakaribishwa mpaka katandikiwa, iwe mkeka, iwe jamvi, iwe busati. Kwa hiyo shemeji yangu, Mkisii aliyemwoa dada yangu na kututangulia huku, aliponipigia simu kusema amenunua hema la kuvulia na sasa anatafuta "kitu ya kuweka chini", nilielewa kwamba nimeitwa kama mtaalamu.

Msidhani sakafu ni anasa. Hema likishafungwa na jiko la gesi likawashwa, joto lote linapanda juu. Kichwani uko Tanga mjini, kiunoni uko Lushoto, na miguuni uko Minnesota. Mbaya zaidi, joto hilohilo linaiyeyusha barafu kwa juu, ikawa tope la maji na chenga, viatu vikalowa, na ukizima jiko kila kilicholowa kinagandana na kilicho jirani yake. Ndiyo maana wavuvi wa huku wanaweza kuzungumza habari za sakafu jioni nzima bila kumtaja samaki.

Baraza lilikaa sebuleni kwa dada. Alikuwepo pia jirani yao, mzee mstaafu ambaye babu zake walitoka Norwei na ambaye amekuwa akivua kwenye barafu tangu yuko shule ya msingi. Wazee wa huku hawana maneno mengi. Mpikie pilau mpaka jasho limtoke kwa raha, atakwambia "si mbaya sana", na hapo ujue umesifiwa mpaka mwisho wa sifa.

Shemeji alianza na plaiwudi. Mzee akatazama dirishani. Plaiwudi ni nzito, na vyombo vyetu vyote hukokotwa kwa kamba juu ya theluji, na mkokotaji ni mimi. Likatajwa turubai. "Mtateleza," mzee akasema, akanywa kahawa. Ikatajwa mikeka ya mpira inayotandikwa kwenye mabanda ya farasi, kitu imara kweli, ila kipande kimoja cha futi nne kwa sita kinaweza kupita kilo 40, na sisi hatukuwa na farasi wa kukibeba. Mwishowe mzee akatoa fatwa: sponji ngumu ya vipande, ile inayotandikwa kwenye kumbi za mazoezi, inayoshikana meno kwa meno. Haifyonzi maji, ni nyepesi, na ukimaliza unaibandua kipande kimoja kimoja. Nikaunga mkono.

"Ni pesa ngapi?" shemeji akauliza. Alipotajiwa bei akatabasamu kama mtu mwenye siri. Kuna watu walikuwa wanahama mtaa wa pili, wameacha zulia kando ya barabara. Zima kabisa. "Shem, kapeti ni ya bure, na ni ya rangi ya maziwa!"

"Mtu na akili zako unamtandikia samaki zulia jeupe?" dada akauliza.

Lakini hema lilikuwa la shemeji, na mwenye hema ndiye mwenye kura.

Tulikwenda Mille Lacs, ziwa kubwa kiasi kwamba ukiwa katikati huoni uoto wa ng'ambo vizuri, ingawa kina chake hakizidi mita 13 hivi. Barafu ilikuwa nene, malori yanapita. Watu wa maliasili wa jimbo hushauri inchi 4 za barafu safi kwa mtembea kwa miguu, na siku hiyo zilikuwepo za kumwaga. Tukakwangua theluji, tukasimamisha hema, tukatoboa matundu, tukatandika. Shemeji akakata duara kwa kisu juu ya kila tundu, kwa ufundi wa fundi cherehani. Nakiri lilipendeza. Ilikuwa sebule kamili, yenye visima.

Sasa, mtoto aliyelelewa Tanga akiona zulia safi, mikono yake inashuka kwenye kamba za viatu bila kumwomba ruhusa. Nikavua mabuti, nikayapanga mlangoni, nikaketi na soksi zangu. Shemeji akanitazama, akavua na yeye, maana nani atakubali kuonekana hana adabu mbele ya shemeji yake? Tukamimina chai ya tangawizi.

Saa kumi na moja jioni jua likazama. Walleye ni samaki wa magharibi. Giza linapoingia ndipo naye anapokumbuka kula. Mshipi wa shemeji ukashtuka. Akaruka, akavuta, samaki akatoka tunduni na maji yake, akapiga mkia, akaipindua ndoo ya chambo. Chambo ni visamaki hai. Vikatawanyika juu ya zulia la rangi ya maziwa, nasi tukatambaa kuviokota, kila kimoja kikituponyoka kwa wakati wake, huku shemeji akipiga kelele niangalie samaki na mimi nikipiga kelele aangalie jiko.

Nilipoinuka nilihisi soksi zimekuwa nzito. Barafu inaelea, ikilemewa na theluji, vyombo na watu wanaorukaruka, inazama kidogo, na maji yanapanda kupitia tundu ulilolitoboa kwa mkono wako. Hayakuwa mengi. Kwenye sponji yangekaa juu yakasubiri kufutwa. Zulia liliyapokea kama mtu aliyefunga anavyopokea uji, likanywa kutoka ukuta hadi ukuta. Na gesi nayo, kwa hisani yake, ikaisha hapohapo.

Nje kulikuwa nyuzi 25 chini ya sifuri. Ukibonyeza zulia kwa kidole ulisikia likikakamaa. Kwanza liligeuka kuwa kadibodi, halafu bati, halafu likawa sehemu ya ziwa. Nikayakumbuka mabuti. Yalikuwa palepale mlangoni, yamepangwa vizuri, na hayakuwa na nia ya kuondoka.

"Tuliache," nikasema.

Haiwezekani. Sheria za Minnesota zinakataza kuacha takataka juu ya barafu, na ni haki, kwani Machi vibanda vyote huondolewa, barafu inayeyuka, na kila kilichoachwa juu kinateremka kwa samaki. Hebu fikiria walleye aliyetandikiwa zulia. Shemeji akaichukua chupa ya chai, tangawizi, hiliki, maziwa na yote, akaimimina kuzunguka mabuti. Yakalegea, nikayachomoa, nikashukuru. Kisha chai nayo ikaganda. Sasa tukawa na zulia lililogandia ziwani, na doa la kahawia la ukubwa wa sinia.

Mzee alikuwa na kibanda chake jirani. Akaja na taa kichwani, akafungua zipu, akaingiza kichwa. Akamulika zulia, akamulika samaki, akamulika soksi za shemeji. Akafikiri.

"Zulia zuri," akasema, akampa shemeji mtaimbo.

Tulilibandua vipandevipande kama wachimba chumvi. Samaki alikuwa mmoja.

Safari iliyofuata shemeji alikuja na sponji, lakini ya watoto wake: vile vipande vya rangirangi vyenye herufi. Alidai herufi O imeumbwa kwa ajili ya kazi hii, utoe tu kitovu chake uvue. Keekee yetu ni ya inchi 8, na ile O haikuruhusu hata sahani ya kikombe. Na kwa kuwa viatuni alikuwa amevaa yale meno ya chuma ya kuzuia kuteleza, ambayo yeye huyaita njumu, hadi jioni alfabeti ilikuwa imeliwa kuanzia A mpaka M. Wanawe bado hawajamsamehe. Alitaka hata kuziba tundu la hewa la hema kwa mabaki yake ili joto lisitoke, dada akamkaripia kwa simu mbele yangu, na hapo sikumtetea. Jiko la gesi ndani ya hema hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala haigongi mlango. Tundu la hewa liachwe wazi, baridi na iingie.

Sasa tuna sponji nyeusi ya ukumbi wa mazoezi, unene wake karibu sentimita mbili, ambayo shemeji huwaeleza wageni kwamba ni wazo lake. Tunakwangua theluji kwanza. Tunatoboa kwanza, tunachota chenga zote kwa upawa wa matundu, ndipo tunatandika, tukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka kila tundu ili maji yakipanda yawe na pa kukaa. Njumu zinabaki mlangoni. Ina kasoro moja tu: ndoano ikidondoka huingia kwenye maungio ya vipande, na anayeigundua ni goti. Mzee alipoikagua alisema si mbaya sana, na shemeji akatembea kifua mbele wiki nzima.

Nawe ukija Minnesota Januari ukaalikwa ziwani, itikia bila wasiwasi, utakula vizuri. Ila ukifungua zipu ukakuta wenyeji wametandika zulia, usivue viatu.