Mjomba Anajibu: Gari Linanipiga Shoti

*Shikamoo Mjomba. Mimi ni mtumishi wa umma, nimehamia Dodoma nikitokea Dar es Salaam. Tangu mwezi wa sita, kila nikishuka kwenye gari langu dogo napigwa shoti nikigusa mlango. Fundi ameshanibadilishia betri, sasa anataka alternata. Mke wangu anasema tumetupiwa kitu na majirani. Mimi nawaza labda ni ile reli ya umeme. Nisaidie.*
*Mwenye Vidole Vinavyoungua, Kisasa*

Marahaba, mpwa wangu. Nikupongeze, siyo kwa kuhamia Dodoma, maana hilo uliamriwa, bali kwa kuniandikia mimi. Wapo washauri wengine katika magazeti ya nchi hii. Majina yao siyataji, nao wenyewe wanajua kwa nini.

Ukitaka kuielewa shoti yako, ni lazima kwanza unielewe mimi. TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie hapa, mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye kigoda changu nawasubiri. Mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA, ipange mitaa na viwanja. Watu wa Dar wakacheka. Wakacheka miaka na miaka, wakaja kusitisha kicheko Julai 2016, Rais Magufuli aliposema safari hii tunahama kweli. Tarehe 26 Aprili 2018 akatamka kwamba Dodoma ni jiji, na waliokuwa wakicheka wakajipanga foleni kutafuta nyumba za kupanga. Hakuna hata mmoja aliyenipigia simu kuniomba radhi. Namba yangu haijabadilika.

Basi Serikali ikahamisha mafaili, mashangingi, mihuri, na wale makatibu muhtasi wanaojua kila siri. Kitu kimoja kikabaki Magogoni, kule Dar: unyevunyevu wa baharini.

Hapo ndipo ugonjwa wako ulipo. Ukiwa Dar, hewa imejaa mvuke wa bahari, na mvuke huo huacha utando mwembamba wa maji juu ya kila kitu, kuanzia siti na shati lako hadi ngozi yako. Chaji ya umeme ikijikusanya mwilini inateleza kwenye utando huo na kupotea bila wewe kujua kama ilikuwepo. Huku kwetu uko juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua yetu ya mwaka mzima ni kama nusu ya ile ya Dar, nayo huja kati ya Desemba na Aprili, ikishanyesha imenyesha. Kuanzia Mei ni upepo, vumbi na midomo iliyopasuka. Chaji ikishakukalia mwilini haina pa kwenda. Inakungoja ushike chuma.

Wanafunzi wa sekondari wanaita jambo hili umeme tuli. Mimi niliujua kabla ya kufika sekondari. Vitabu vinamsifu Thales wa Mileto, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 500 kabla ya Kristo, eti alisugua kaharabu akaona inavuta vitu vyepesi. Mimi nikiwa darasa la tatu nilisugua kalamu ya Bic kwenye nywele zangu, nikavuta vipande vya karatasi kutoka dawati la mbele, bila kuwa na kaharabu, bila kuwa Mgiriki. Thales akaitwa mwanafalsafa. Mimi nilichapwa.

Sasa tuje kwenye gari lako. Bila kuliona najua kwamba siti zake ni za kitambaa, na najua kwamba wewe unavaa Kaunda suti ya poliesta, maana watumishi mnaonekana toka mbali. Ukiendesha, suruali inajisugua na siti. Chaji zinagawanyika, upande mmoja unabaki kwenye siti na mwingine unabaki kwako. Mkiwa mmekaa pamoja hakuna neno, zinavutana, zinatulizana. Balaa ni pale unapoinuka. Unapojitenga na siti unaondoka na fungu lako, na kadiri unavyosogea mbali volti zinapanda. Mtu huanza kuhisi shoti zikifika volti kama 3,000. Anayeshuka kwenye gari siku kavu anaweza kupita 10,000 bila kufanya kosa lolote, na soketi ya sebuleni kwako ina 230 tu. Usizimie, mpwa wangu. Chaji yenyewe ni kidogo mno na inaisha kabla hujamaliza kusema "aa", kwa hiyo haikuui. Volti nyingi bila chaji ya kutosha ni sawa na mheshimiwa bila bajeti, atakushtua mlangoni na hapo ndipo uwezo wake unapoishia.

Kwa hiyo reli haina hatia. Treni ya umeme iliyozinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024 inakula umeme wake juu kwenye nyaya na haina shida na kigari chako. Majirani pia hawana hatia. Mwambie mkeo kwamba watu wa Kisasa wanaamka alfajiri kuwahi ofisini Mtumba, wanarudi usiku, hawana nafasi ya kukuroga kidole. Betri haina hatia. Alternata ndiyo kabisa. Fundi mwenyewe sitamhukumu, ila muulize kwa nini shoti huwa zinapona zenyewe mvua za Desemba zikianza.

Unataka dawa. Ninazo nyingi, na zote nimezitungia hapahapa.

Ya kwanza ni kulirudisha gari Dar, liishi kule kwenye unyevunyevu wake, wewe uwe unalitembelea kwa treni wikendi. Naona umekunja uso. Haya, ya pili: kila asubuhi nyunyizia siti maji kidogo. Wapo watakaokwambia ni upuuzi, lakini kitambaa chenye unyevu hakitunzi chaji. Mimi nilikwenda mbele zaidi nikawa natafakari kutumia mlenda, maana maji hukauka upesi na mlenda unakawia. Utafiti huo umesimama kwa sababu mwenye gari la majaribio ameacha kupokea simu zangu.

Ya tatu ni kuendesha pekupeku. Soli ya raba inakutenga na ardhi, chaji ikakwama kwako. Mguu mtupu, au kiatu cha soli ya ngozi, unaipa njia ya kutorokea. Fikiria ukishuka Mji wa Serikali kwa Kaunda suti na nyayo zako mwenyewe. Mlinzi atakuuliza maswali, lakini kidole kitakuwa salama.

Ya nne ni khanga. Tandika khanga ya pamba juu ya siti, na wewe mwenyewe vaa pamba badala ya hiyo poliesta. Hii ni dawa ya kweli kabisa, pamba huvuta unyevu na haichokozani na siti kwa kiasi kile. Ila chagua khanga kwa makini. Ukitandika yenye maneno ya mafumbo, bosi wako akaomba lifti, atasoma kabla ya kukaa.

Ya tano ni mafuta ya alizeti. Singida na Dodoma tumejaaliwa alizeti, halafu watumishi mnatembea na mikono mikavu hadi mtu anaweza kuandika juu yake kwa ukucha! Ngozi iliyopakwa mafuta au losheni haikusanyi chaji kwa kiwango hicho. Na utaonekana umetokea nyumbani kwenye watu.

Kuna wanaokuuzia mkia wa kuning'iniza chini ya gari uburuzike ardhini. Achana nao. Mara nyingi chaji inayokuumiza imekukalia wewe, haijakalia gari. Utafunga mkia mahali pasipo na ugonjwa.

Dawa yenyewe hasa, ile kubwa, ni hii: kabla hujainua makalio yako kutoka kwenye siti…

Samahani, nisiposema hili sasa nitasahau. Mwaka 1746 kule Ufaransa palikuwa na shemasi mwanasayansi, Jean-Antoine Nollet. Aliwapanga askari 180 mbele ya Mfalme Louis XV, wakashikana mikono, akawapitishia umeme aliokuwa ameuhifadhi kwenye chupa ya Leyden. Wakaruka wote kwa wakati mmoja! Mfalme akafurahi sana. Mimi nimependekeza kwa maandishi gwaride la namna hiyo lifanyike Uwanja wa Jamhuri, mwezi wa Agosti hewa ikiwa kavu, mimi nikiwa mgeni rasmi na zeze likipigwa pembeni. Barua imepokelewa na kugongwa muhuri. Zaidi ya muhuri sijaona kitu. Nollet hakuhitaji kusubiri kikao cha kamati.

Nilikuwa nasema nini? Ndiyo. Kabla hujainuka, ukiwa bado umekaa, fungua mlango halafu shika chuma cha fremu ya mlango. Chuma, siyo plastiki, na kama unapaona pasipo na rangi ni bora zaidi. Kishike kwa kiganja kizima, usikiguseguse kwa ncha ya kidole kwa woga. Inuka huku umekishika. Kanyaga chini miguu yote miwili huku umekishika. Ndipo uachie. Chaji inapozaliwa inakuwa inapita pole pole kwenye kiganja chako kurudi kwenye bodi, haipati muda wa kujikusanya irushe cheche. Ukisahau, ukajikuta umesimama nje, toa ufunguo, ushike vizuri kwa vidole, uguse chuma kwa ncha yake. Cheche itarukia ufunguo na wewe hutasikia maumivu.

Hiyo ndiyo dawa, na haina gharama. Ndiyo maana nimechelewa kuitaja.

*Mjomba, shikamoo. Nalima zabibu Hombolo. Nikienda sheli kununua petroli ya pampu ya kumwagilia, mhudumu anakataa kunijazia dumu likiwa ndani ya pikapu, anasema nilishushe chini. Dumu lina uzito. Ananionea?*
*Mama Zabibu*

Marahaba, mama. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo sioni kwa nini barua yako imekuja bila hata kishada kimoja. Tuache hilo.

Mhudumu yuko sahihi, na ukirudi umwombe radhi kabla ya kumpa hela. Shoti ile iliyomtoa jasho mtumishi wetu wa Kisasa kwake ni kero. Kwako ni moto. Cheche ndogo ya kidole inaweza kuwa na nguvu kuzidi mara kadhaa ile inayotosha kuwasha mvuke wa petroli, na mvuke huo ndio unaozunguka mdomo wa dumu. Dumu likiwa juu ya zulia la plastiki la pikapu linakuwa limetengwa na ardhi. Petroli inapotiririka ndani yake inazalisha chaji, na chaji hiyo inabaki pale pale ikingoja kitu cha kurukia. Likishushwa chini, chaji inapata njia ya kuondoka. Mwambie aweke mdomo wa bomba ugusane na mdomo wa dumu na ajaze pole pole. Wewe nawe, kabla hujasogea, gusa chuma mahali palipo mbali na mafuta. Usiingie garini kutafuta chenji halafu ukatoka ukakimbilia kwenye dumu, kwa sababu kule garini ndiko unakobeba chaji mpya.

Malori ya mafuta yenyewe, pamoja na ukubwa wake, hayashushi mzigo kituoni kabla ya kufungwa waya wa kuyaunganisha na ardhi. Kama lori linakubali kuunganishwa na ardhi, dumu lako la lita ishirini linaringia nini?

Uzito wa dumu usikusumbue. Lishushe tupu. Uzito unakuja baada ya kujazwa, na wakati huo vijana wa bodaboda watakuwa wamejaa pembeni wakijifanya hawakuoni. Waite kwa jina langu.

*Mjomba, nikimshika mchumba wangu mkono tunapigwa shoti wote wawili. Yeye anasema ni dalili kwamba tumeandikiwa. Ni kweli?*
*Mwanafunzi, UDOM*

Marahaba, ingawa hukunisalimia. Ni sweta, mwanangu. Kule juu kilimani mwezi wa saba kuna baridi, mmevaa masweta ya nailoni, mmetembea kwenye kapeti na raba miguuni, mnashikana mikono na kuita cheche zile majaliwa. Vueni masweta, naweni mikono, pakeni losheni, shikaneni tena. Shoti ikitoweka na yeye akabaki, niletee jina la baba yake, nitakwenda mwenyewe kama mshenga. Ada yangu ni mbuzi na shati moja la pamba, saizi kubwa.