Jinsi ya Kuozesha Ghala Jipya

Mwenye nyumba ya mabati anaijua gharama ya kutu. Ananunua rangi, anaita fundi, anapaka, na baada ya masika mawili anaanza upya. Wewe umeamua kwenda kinyume. Utanunua vifaa vya bei mbaya, utakesha na miwani puani, utajenga ghala zima la stesheni linaloenea kiganjani, kisha utalipaka kutu kwa mkono wako mwenyewe. Karibu kwenye ufundi wa majengo ya reli za mfano, kazi ambayo fundi husifiwa kwa paa linaloonekana kuvuja.

Kabla ya kushika wembe, wafahamu wazee wa kazi. John Allen alikuwa mpiga picha wa Monterey, California. Wakati wenzake wakijivunia treni ndogo zinazong'aa kama sufuria za harusi, yeye zake alizipaka masizi. Kwenye yadi yake alikuwa pia na dinosaria anayesukuma mabehewa badala ya injini, na wageni walimkubali, maana kila kitu kilichomzunguka kilichakaa kwa namna ya kuaminika. Ukitaka kudanganya kwa jambo kubwa, sema kweli kwenye kutu. Allen alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye reli yake ikaungua. Mzee wa pili ni George Sellios wa Peabody, Massachusetts, aliyeanzisha kampuni ya Fine Scale Miniatures mwaka 1967. Reli yake, Franklin & South Manchester, ni mji wa Marekani wakati wa mdororo wa miaka ya 1930: kuta zimebanduka, ngazi zimelegea, takataka kila uchochoro. Ni kazi ya kutisha kwa uzuri. Lakini mimi nikiitazama sana nachoka, kwa sababu hata mtaa uliochoka vipi haukosi mpangaji mmoja aliyepaka rangi Idi iliyopita. Mwachie huyo nafasi.

Sasa chagua kipimo. Wengi hutumia HO, yaani 1 kwa 87. Mtu mzima anakuwa na urefu wa milimita 20 na mlango milimita 24. Na kwa kuwa unataka kujenga kitu cha kwenu, chukua ghala la mizigo la reli ya mita, ile iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Hapo utapata ugomvi wako wa kwanza. Upana wa mita 1 ukiugawa kwa 87 unapata milimita 11.5, na reli zinazouzwa madukani zina milimita 12. Ile nusu milimita, katika ulimwengu wa kweli, ni sentimita 4 na ushei. Kuna watu wazima, wenye wajukuu, ambao watakataa chai yako kwa sababu yake. Wape kahawa.

Chagua na mwaka. Tuseme 1957, enzi ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Mgeni wa kazi hii hukimbilia kumwaga rundo la makaa ya mawe pembeni ya ghala, maana picha zote za Uingereza na Marekani zina makaa. Ngoja kwanza. Injini za mvuke za Garratt za daraja la 59, majitu yale 34 yaliyoundwa na Beyer Peacock wa Manchester kwa ajili ya njia hii, zilichoma mafuta. Rundo lako la makaa litabaki pale bila mtumiaji, na mzee mmoja aliyefanya kazi reli atalitazama, atakutazama wewe, atakohoa kidogo. Weka tangi la mafuta. Lina kutu nzuri zaidi.

Kuta ni za mbao, na zina tabia moja: ukizipaka rangi upande mmoja tu, zinapinda. Paka pande zote mbili, na kwa ndani gundisha vijiti vinene vya kuzikaza. Kuhusu rangi ya mbao zenyewe, wauza vifaa watakushauri ununue chupa ya "mbao kongwe" kwa bei ya kilo kadhaa za nyama. Wewe chukua chuma cha kusugulia sufuria, kile chenye nyuzi laini kinachoshika kutu (kisicho na kutu hakifai), kitumbukize kwenye siki na ukiache siku kadhaa. Pembeni chemsha chai ya rangi, nzito ya kukera. Zipake mbao chai kwanza, zikauke, kisha zipake ile siki. Tanini ya kwenye chai inakutana na chuma kilichoyeyuka, na mbele ya macho yako ubao mweupe wa leo asubuhi unakuwa wa kijivu, kama umekula jua miaka 30. Mwenzio atauliza kwa nini nyumba inanuka achari. Mwambie ni historia.

Tukija kwenye paa, hapa usiwe na haraka. Migongo ya mabati ya kawaida imeachana kiasi cha milimita 76. Gawa kwa 87: milimita 0.87. Kuna mashine ndogo za kukunja hivyo, lakini fundi mwenye akili huenda duka la vifaa vya ujenzi kutafuta bolti ya milimita 5. Nyuzi zake zimeachana milimita 0.8, karibu kabisa. Tandika karatasi ya aluminiamu ya jikoni juu ya kadibodi laini, ibingirishie bolti kwa kuikandamiza, na migongo inatokea chini ya kidole. Usikunje paa zima kwa mkupuo mmoja! Bati la mita 3 ni milimita 34 tu kwa urefu, na upana wake unaofunika ni kama milimita 9. Kata moja moja, anza kwenye ukingo wa chini, panda juu, kila bati lilalie lenzake kwa mgongo mmoja, malizia na kofia. Utachukia kazi hii kama kibarua wa kweli anavyoichukia, tena yeye analipwa.

Wapo wasioridhika na rangi, wanaotaka bati lioze kwa haki. Hao hulitumbukiza kwenye kloridi ya chuma, ile dawa ambayo mafundi wa elektroniki huitumia kula shaba kwenye bodi. Aluminiamu ikiingia humo inachemka, inatoa joto na mvuke, kingo zinalika na matundu yanatokea. Kejeli naiweka pembeni hapa: fanya kazi hiyo nje, vaa glovu na miwani ya kinga, tumia dawa kidogo, weka bakuli la maji karibu la kuzamisha bati likishalika vya kutosha, na watoto wakae mbali. Ghala lako lina ruhusa ya kuwa na matundu. Wewe huna.

Baada ya ujenzi ndipo uchafuzi unapoanza, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anachovya brashi kwenye rangi ya kahawia anapaka popote, kisha anaita huo uzee. Huo ni uchafu. Uzee una sababu, na kazi yako ni kuweza kuitaja kwa kila doa. Kutu huanza kwenye msumari, kwa sababu pale zinki imetobolewa; huanza ukingoni palipokatwa, na chini ya mlalio wa bati juu ya bati, mahali maji yanapojificha. Kutoka hapo inashuka. Haipandi wala haiendi pembeni. Kutu changa ina rangi ya chungwa na ya zamani ina rangi ya kahawia iliyoiva, kwa hiyo machungwa yawe machache. Bati lenyewe kabla ya kutu hupoteza mng'aro na kuwa kijivu kilichofifia, basi anza na kijivu, usirukie mwisho wa maisha yake.

Shuka kwenye ukuta. Maji yanayodondoka kutoka paani hurusha tope, na tope hilo hufika sentimita 40 hivi kutoka ardhini. Kwako ni milimita 4 au 5. Hapo ndipo udongo unapokoma. Ghala la Voi litakuwa na mstari mwekundu wa kutosha kumwaibisha mtu aliyevaa kanzu. La Mombasa tope lake halipigi kelele, lakini upepo wa chumvi utakuwa umelikula bati upande wa bahari. Ukichanganya viwili hivyo utakuwa na jengo lisilo na kwao. Mlango usiupake uchafu sawasawa: pale mkono unaposhika pamepauka na kung'aa kwa mafuta ya viganja, na chini umekwanguliwa na mikokoteni.

Kwa rangi inayobanduka, paka kwanza rangi ya kutu, pulizia dawa ya kushikiza nywele, ikikauka paka juu yake rangi ya maji ya kijani au krimu. Kisha lowanisha brashi ngumu na usugue taratibu. Maji yanaamsha ile dawa na rangi ya juu inang'oka vipande vipande. Dawa hiyo nunua ya kwako. Ukiiba ya mwenye nyumba, utajua maana halisi ya kuchakaa.

Vivuli vya kwenye nyufa ni rahisi: kijiko cha chai cha wino mweusi katika nusu lita ya spiriti, paka, acha itulie. Angalia tu usiipake juu ya vanishi isiyong'aa, maana spiriti huigeuza nyeupe. Ila kama ukuta mmoja unataka kuonekana umepigwa jua, ipake hapohapo makusudi, na watu watakuuliza ulitumia rangi gani. Usiwaambie. Unga wa chaki wa kuigiza vumbi unafuata, na bango la sabuni lililochapwa kwenye karatasi: lisugue msasa kwa nyuma mpaka likaribie kutoboka, libandike likiwa na unyevu wa gundi, likandamize lishike mistari ya mbao. Bango nene litaonekana limebandikwa jana na mtu mvivu.

Kisha mwite mgeni. Mama mkwe atalizunguka ghala, mikono nyuma. "Baba Asha," atasema, "hivi hela za kuezeka vizuri zilikosekana?" Itikia, "Zilikosekana, mama," na umshukuru. Hakuna jaji wa mashindano atakayekupa alama kubwa kuliko hiyo.

Limebaki tatizo moja, nalo halitatuliwi na rangi. Vumbi la kweli halipungui kwa kipimo. Chembe ya mchanga ya nusu milimita ikitua kwenye paa lako ni jiwe la sentimita 4. Uzi wa fulana ni kamba ya meli. Nzi wa kawaida akipumzika juu ya kofia ya paa ni mnyama wa sentimita 60, na hakuna pembe ya kumpiga picha itakayomficha. Kwa hiyo jengo chafu kuliko yote nyumbani ndilo litakalofunikwa nailoni mchana na usiku, litafutwa kila Jumamosi kwa brashi laini ya vipodozi, na mtoto atakayelishika na mikono michafu atatumwa akanawe kwanza.