Sifa Zake Sanduku

Wapo waliomsifu ng'ombe, wapo waliosifu mvua, na msimu wa kampeni wapo wanaowasifu watu ambao hata mama zao wangesita. Mimi nimesimama kulisifu sanduku. Ni la MDF, kimo chake futi tano na nusu, na limekaa sebuleni kwangu hapa Kitengela pale palipokuwa na kochi la watu watatu. Kazi yake ni kuchezewa gemu za zamani, zile zilizochezwa kwa sarafu mabaani na kwenye kumbi za michezo za Marekani na Japani kabla sijazaliwa. Usinicheke bado.

Kisicho na ukoo hakisifiwi, basi nianze na nasaba. Mwaka 1972 kampuni ya Atari iliweka mashine ya Pong katika baa moja mjini Sunnyvale, California. Haikupita muda mrefu, Atari wakaitwa: mashine imekufa. Mhandisi aliyeiunda, Allan Alcorn, akaenda kuifungua, akakuta haina ugonjwa wowote. Ilikuwa imeshiba. Sarafu zilikuwa zimejaa hadi kufurika, nyingine haipati pa kuingilia. Huo ndio ukoo wa sanduku langu, ukoo wa walaji: gemu iliyotungwa ikuue upesi, utoe sarafu nyingine, ufe tena. Sasa tazama uungwana wa mjukuu aliyezaliwa Kitengela. Hana tundu la sarafu. Ana kitufe cheupe upande wa kushoto. Ukikibonyeza, mashine inaamini umelipa, inalia kwa shukrani, unacheza. Watoto wa ploti nzima wanacheza bure. Aliyelipa ni mmoja tu, tena alilipa kabla mchezo haujaanza. Kwa kipimo cha huku kwetu Kajiado, nilitoa mbuzi wanne wa mnada wa Bissil, na si wale wa kiangazi.

Mbuzi wa kwanza alikwenda kwa bodi mbili za nane kwa nne, unene milimita 18, nilizompelekea fundi wa samani kandokando ya Barabara ya Namanga. Vitanda na makabati ya TV huyu huviunda akisinzia. Mchoro wangu aliugeuza mara tatu. "Bosi, hii ni kabati ya nini? Mbona tumbo limeingia ndani na kidevu kimetoka nje?" Nikamweleza. Akapuliza vumbi la mbao kwenye tepu yake, akaniuliza kwa upole kama nimewahi kufikiria kununua PlayStation. Siku zilizofuata wapita njia walilitambua sanduku kuwa mimbari, mashine ya ATM, kibanda cha M-Pesa na, kwa mama mmoja aliyekuwa na haraka, jeneza la mtu aliyefariki ameketi.

Kabati la kawaida likikosewa, linatandikwa kitambaa cha kufuma na maisha yanaendelea. Sanduku langu lina msimamo. Vitufe vilivyotoka Uchina vilikuwa vya milimita 30. Fundi alitoboa matundu ya 28, kwa kuwa ndiyo keekee aliyokuwa nayo. Kwa ajili ya hizo milimita mbili tuliketi Jumamosi nzima juu ya vigoda, kila mtu na tupa yake ya mviringo, tukisugua matundu 16: sugua, pulizia, jaribu kitufe, kinakataa, sugua tena, mpaka kinaingia na kutoa mlio mkavu kama kizibo cha soda. Kufikia tundu la saba fundi aliacha kuniuliza maswali. La 11 akaanza kuimba. Nionyesheni kitu kingine kilichowahi kuniketisha na mtu saa sita bila mmoja wetu kushika simu.

Lilikuja nyumbani kwa mkokoteni wa punda wa muuza maji, limesimama katikati ya mitungi ya lita 20 kama mgeni rasmi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na anayeujua udongo mweusi wa Kitengela atakubali kwamba siku kama hiyo ni punda tu mwenye hakika ya kufika. Njiani likaonja maji. Sasa MDF ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, na ukilowa unakumbuka kwamba ni unga. Mguu wa kushoto ukavimba kama andazi, na hadi leo sanduku limeinama kidogo kuelekea dirishani. Mimi huita hiyo adabu.

Ubongo wake ni Raspberry Pi, kompyuta yenye ukubwa wa kadi ya benki, iliyoanza kuuzwa Uingereza Februari 2012 ili watoto wajifunze kuandika programu. Ndani yake mna MAME, kazi iliyoanzishwa na Mwitaliano Nicola Salmoria mwaka 1997, inayoifanya kompyuta ya leo ijidai kuwa mashine ya zamani, chipu kwa chipu. Skrini niliitoa Luthuli Avenue. Washika dini wa fani hii hawakubali ila televisheni ya kichogo, lakini ile huhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa, nami nina karo ya kulipa. Nikachukua skrini bapa iliyostaafu ofisini. Mbele yake nikaweka glasi. Glasi hupikwa kwa mchanga, chokaa na magadi, na magadi tunayo hapa hapa kaunti yetu, kampuni ya kuyachimba ilianzishwa 1911. Basi asiniambie mtu kwamba sanduku langu ni mgeni Kajiado.

Ingawa wapo waliolishuku. Tangu serikali ilipozisaka na kuziteketeza mashine za kamari mwaka 2018, kisanduku chochote chenye taa na vitufe kina kesi ya kujibu. Mzee wa nyumba kumi alifika jioni, kofia mkononi, akaomba aonyeshwe pesa zinapoangukia. Nikamfungulia mgongo: waya, vumbi, mjusi mmoja. Hakuridhika, akataka aijaribu. Alikufa mara tatu ndani ya dakika mbili. Akavaa kofia yake. "Hii si kamari," akatangaza. "Kwenye kamari mtu hushinda hata mara moja."

Aliyelielewa sanduku hasa ni baba mkwe, aliyetoka Kajiado mjini kuja kutujulia hali. Gemu ilikuwa Pac-Man, ya mwaka 1980. Toru Iwatani, aliyeibuni, amesimulia kwamba umbo lile la duara lilimjia kwa pizza iliyotolewa kipande. Kwetu ni chapati iliyoachwa mezani na mtoto. Mzee, aliyechunga tangu utotoni, alikaa kimya nyuma ya wajukuu muda mrefu, mikono juu ya fimbo. Kisha akasema, "Mwanangu, hawa fisi wanne hawana tabia moja. Huyu mwekundu anafuata nyayo. Yule wa waridi hafuati, anakwenda kukungoja mbele." Nilishtuka. Ndivyo Iwatani alivyowapanga kweli wale vizuka wa gemu: mwekundu humlenga mchezaji mwenyewe, wa waridi hulenga vyumba vinne mbele ya uso wake. Mimi nilikuwa nimeyasoma hayo. Baba mkwe aliyaona kwa robo saa, na hakutaka hata kugusa kitufe.

Mama watoto ana orodha yake, na kwa haki nitaje kipengele kimoja. Sanduku halina swichi. Likipata umeme linaamka, likikosa linazimika, na stima ikikatika ghafla kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika. Nimekwisha kuzika mbili. Yeye analiita mke mwenza. Mimi naona ni kitu pekee hapa nyumbani kinachoamka bila kuitwa mara tatu.

Wiki iliyopita stima ilipotea jioni, ikarudi saa tisa usiku. Taa ya sebule ikawaka, friji ikanguruma, na sanduku, sauti ikiwa bado juu kama watoto walivyoiacha, likaanza kupiga muziki wake kwa ploti nzima iliyolala. Nikatoka mbio bila viatu kwenda kulichomoa. Lakini nilipofika skrini ilikuwa imeshatulia, ile chapati ya manjano inaningoja. Mchezo huo haukuwekewa mwisho: ukifika hatua ya 256 hesabu yake hujaa, ikafurika kama sarafu za Sunnyvale, na nusu ya skrini ikageuka takataka za herufi. Sijawahi kupita ya saba. Nikapunguza sauti, nikabonyeza kitufe cheupe.

Nilikuwa hatua ya sita, uhai mmoja umebaki, jirani alipogonga ukuta. Nikaacha kupumua, nikijiandaa kuomba radhi.

"Baba," sauti ikapenya matofali, "umefika ngapi?"