Karatasi Ndiyo Mwenyeji Wangu

Washairi wetu wamemsifu mama, wamesifu mnazi, wamesifu bahari na wali wa nazi. Aliyepanda jukwaani kuisifu fomu sijamsikia. Fomu kazi yake ni kutukanwa: inachelewesha, inasumbua, haina utu. Mimi nakaa Wedding, kaskazini ya Berlin, na nasema tunaionea. Atakayebisha abishe. Katika mtaa wa ugenini hakuna kiumbe mdadisi, mwenye kujali na asiyemsahau mtu kama karatasi ya kusajili makazi, ile ambayo Waswahili wa huku wote huiita Anmeldung, hata wasiojua neno lingine la Kijerumani.

Kwetu, mizigo haijashuka kwenye kirikuu, mama wa nyumba ya pili ameshajua umetoka wapi, unafanya kazi gani na kwa nini godoro ni moja. Jioni mjumbe anapita kukutazama. Sasa hamia Wedding. Unapandisha begi hadi ghorofa ya nne, lifti hakuna, na jirani wa ghorofa ya pili anafungua mlango, analitazama begi, anasema "Hallo", anafunga. Neno hilo linatakiwa likutoshe mpaka theluji. Atakapokuwa na la ziada atalibandika kwenye ukuta wa ngazi, bila jina lake wala lako: kelele mwisho saa nne usiku, chupa zisitupwe Jumapili.

Fomu haina ubahili huo. Inataka kujua jina lako na jina ulilozaliwa nalo, ulizaliwa mji gani, umeoa au hujaoa au uliacha au ulifiwa, watoto ni wangapi, kabla ya hapa ulikuwa unakaa wapi. Ukifika kwenye maombi ya kibali cha ukaazi inamuulizia baba, inamuulizia mama, kisha inataka urefu wako na rangi ya macho yako. Rangi ya macho! Kwenye jengo letu hakuna aliyewahi kunitazama usoni kwa muda wa kutosha kuijua. Hii ni salamu ya Kiswahili iliyokamilika, ya wewe hujambo, na wa nyumbani, na huko utokako. Tofauti ni kwamba huku unaijibu kwa herufi kubwa na ukijibu uongo ni kosa la jinai au faini.

Halafu ina hamu na wewe. Sheria inasema ukishaingia nyumbani uende kujisajili ndani ya siku 14, na ukipuuza faini inaweza kufika yuro 1,000. Nitajieni shangazi anayekutaka umtembelee kwa nguvu hiyo. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi ukifungua kalenda ya miadi ulikuta nafasi ya karibu ni ya mwezi ujao, kwa hiyo aliyekuita kwa vitisho ndiye huyo huyo aliyejifungia chumbani. Wageni walikasirika. Wapenzi wa taarab hawakukasirika. Waliamka alfajiri, kidole kwenye simu, wakaifungua kalenda na kuifunga na kuifungua tena, mpaka mtu fulani mahali fulani akaghairi miadi yake.

Sifa yake kubwa, hata hivyo, ni kwamba inakutanisha watu. Tangu tarehe 1 Novemba 2015 huwezi kujisajili bila barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umehamia kweli. Dar es Salaam mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, na risiti, ukibahatika, inachanwa kwenye daftari la mtoto wake wa darasa la tatu. Huku anataka hati za mshahara, anataka barua ya mwenye nyumba wa zamani kwamba hudaiwi, na hapo mzunguko unaanza: mwajiri anataka akaunti, benki inataka anwani, anwani inataka nyumba, nyumba inataka mshahara. Hakuna mlango wa kuingilia humo. Ukiona mtu ameingia, ujue amepitishwa dirishani na mtu mwingine.

Ndiyo maana Mtanzania, Mkenya na Mkongomani wakikutana kwenye duka la Afro, mbele ya unga wa muhogo na mafuta ya mawese, swali la kwanza si timu wala siasa. Ni "Unajua mtu mwenye chumba?" na la pili, kwa sauti ya chini, "Karatasi anatoa?" Vyumba vya bila karatasi ni vingi, na vinapewa heshima inayolingana. Kwa chumba chenye karatasi nimeona watu wakipatanishwa waliokuwa hawasemezani tangu harusi ya mtu Hamburg. Mabalozi wetu wakihubiri umoja wa Afrika Mashariki miaka kumi mfululizo hawataufikia ule unaopatikana kwa saini moja ya mwenye nyumba.

Kwa marehemu pia fomu ina wema. Majengo mengi ya Berlin hayana namba za vyumba. Mtu wa posta anasoma jina kwenye sanduku la barua, na usipokuwa na jina huna barua. Jina lenyewe fomu inachukua la mwisho kwenye pasipoti, ambalo kwa wengi wetu ni la babu. Basi babu yangu, mkulima wa Kilosa ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kwenda Morogoro mjini kutibiwa jino, leo ana kengele ya umeme Wedding, na chini yake kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa selotepu kwenye sanduku la bati. Barua zinamwita Bwana Mheshimiwa. Alipokuwa hai, cheo hicho kilikuwa cha mkuu wa wilaya.

Ukishasajiliwa, karatasi inakutambulisha kwa jamaa zake bila kuombwa. Wa kwanza ni mtu wa kodi, anayekutumia namba ya tarakimu 11 ambayo haitabadilika maisha yako yote na inayoweza kuhifadhiwa hadi miaka 20 baada ya kufa kwako. Kwetu matanga ni siku tatu na arobaini ni heshima kubwa. Wa pili ni ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni au uwe na ukuta mtupu. Wa tatu anakuja kwa walioulizwa dini wakajibu kwa fahari. Ndugu yetu mmoja, Mlutheri wa Kilimanjaro, alijaza bila kusita, na kwenye mshahara wake wa kwanza akakuta kodi ya kanisa, asilimia 9 ya kodi yake ya mapato. KKKT, kanisa lake la nyumbani, humpa mtu bahasha na kumwachia dhamiri yake; huku bahasha inajijaza yenyewe kabla mshahara haujagusa benki, na atakayetaka kujitoa kanisani, kwa Berlin, anakwenda mahakamani. Mchungaji wa kwao, ambaye kila mwaka husoma majina ya wasiotimiza ahadi, alipoelezwa mpango huu kwa simu aliomba aelezwe tena, polepole.

Wapo watakaosema karatasi za Wajerumani tunazijua tangu zamani, na hazikutuletea heri. Wana hoja. Mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara na mikataba iliyoandikwa kwa Kijerumani, na Chifu Mangungo wa Msovero akatia alama yake. Shuleni tulimcheka, na hadi leo mwanasiasa akisaini mkataba mbovu jina analopewa ni hilo. Ningependa wachekaji waje wakae kwenye kiti cha plastiki, mbele yao kurasa za Kijerumani cha sheria na kalamu iliyofungwa kwa uzi, karani anasubiri, namba ya anayefuata imeshalia ukutani. Tunasaini wote. Angalau siku hizi unapewa nakala.

Na karatasi hiyo hiyo imeanza kulipa deni. Karibu na kwangu kuna Tangastraße, Sansibarstraße na Usambarastraße, mitaa iliyopewa majina ya kwetu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mtaa mwingine wa hapo uliitwa kwa jina la Peters tangu 1939. Mwaka 1986 ikatangazwa kwamba Peters huyo si yule, ni mwingine, Hans. Mwaka 2024 ukagawanywa vipande viwili: kimoja kikaitwa kwa jina la Anna Mungunda wa Namibia, kingine Maji-Maji-Allee, kukumbuka vita vya wazee wetu dhidi ya Wajerumani. Wakazi wake, wengi wao Wajerumani wa miaka mingi, ikabidi wabadilishiwe anwani kwenye vitambulisho. Mimi sina chuki na mtu. Ila kumwona mzee wa Kijerumani kapanga foleni kwa ajili ya Maji Maji, huku kashika kinamba chake cha foleni, kulinipa raha ambayo hakuna somo la historia lililowahi kunipa.

Hata staha karatasi inayo: kibali kikikaribia kuisha na ofisi haijakujibu, unapewa karatasi ya muda ambamo sheria inajifanya kwamba bado hakijaisha. Ustaarabu huo wa kujifanya hajaona, kwetu hufanywa na mama mkwe tu.

Ukihama nchi moja kwa moja unatakiwa ujifute kwenye rejista, na ada ya redio uisimamishe kwa barua yake peke yake. Rafiki yetu mmoja alirudi Mbeya bila kufanya hata moja, na jina lake hakulibandua kwenye sanduku. Sisi tulimuaga kwa pilau na machozi, tukaahidi kumpigia kila Jumapili, na kufikia Pasaka tulikuwa tumeshanyamaza. Ankara zake zinaendelea kuja. Mpangaji mpya anazikusanya kwenye mfuko wa dukani nyuma ya mlango, na anasema ya mwisho imemwandika jina kwa herufi nzito kuliko zote zilizotangulia.