Namna ya Kuangalia Katuni ya Dakika 88 kwa Saa Nne

Kwanza, rimoti ishike wewe. Baba ambaye rimoti iko kwa mtoto wa darasa la tatu hawezi kuongoza ibada yoyote. Keti kwenye kiti chako, Biblia gotini, miwani puani, utangaze kwamba baada ya chakula familia itaangalia The Lion King kwa jicho la kiroho. Watoto watashangilia, kwa kuwa hawakusikiliza mpaka mwisho wa sentensi.

Umechagua vizuri. Katuni hiyo ya Disney ya mwaka 1994 haimsumbui Mswahili kwa majina: simba anaitwa Simba, rafiki anaitwa Rafiki, na ngiri aliyepumbaa ni Pumbaa. Tena watengenezaji wake wenyewe wamewahi kutaja Hamlet ya Shakespeare, pamoja na habari za Yusufu na Musa, kuwa ndiko walikochota, kwa hiyo hakuna atakayekuambia unalazimisha mambo. Kasoro ni yule fisi jike aitwaye Shenzi. Kwetu Kimara neno hilo lilipigwa marufuku tangu mwanangu wa pili alipomtupia kondakta wa daladala. Siku ya katuni lilirindima sebuleni kama kiitikio, na kila nilipogeuka nilijibiwa kwa adabu zote: "Namwita fisi, Baba."

Sasa kazi yenyewe. Usiiache filamu itembee zaidi ya dakika tano bila kuisimamisha, na usingoje mahali palipotulia. Nyumbu wanapolipuka korongoni, Mufasa, baba yake Simba, ananing'inia ukutani mwa jabali, mdogo wake Scar amemzamishia kucha, hapo hapo bonyeza, ufungue Mwanzo 4. Wasomee habari za Kaini na Habili taratibu, mstari kwa mstari, Mufasa akikusubiri hewani.

Ila hakikisha kwanza nani yumo sebuleni. Kiingereza kina neno moja tu kwa mjomba, baba mdogo na mume wa shangazi, hivyo Mmarekani anaweza kumtaja muuaji bila kumgusa mtu. Sisi hatuna pa kujificha: mdogo wake baba ni baba mdogo. Na mdogo wangu alikuwepo, amekuja kula pilau, kitindamimba wangu kamlalia pajani. Nilipoeleza kwamba Scar ni baba mdogo wake Simba, mtoto aliinuka polepole, akachukua mto wake, akahamia kwa mama yake. Kisha akauliza kutoka huko, "Baba mdogo, wewe unaitaka nyumba yetu?"

Mdogo wangu akameza andazi. "Kwani ina hati?"

(Ukidhani utajiokoa kwa kuwawekea ile Mufasa ya mwaka 2024, jua kwamba humo Mufasa ni mtoto wa kuokotwa, na mtoto halali wa ikulu ni huyo huyo Scar, ambaye wazazi wake walimpa jina Taka. Labda hapo mkasome habari za Yabesi, mwingine aliyepewa jina baya tangu kuzaliwa.)

Jiandae na swali la majani. Mufasa anamfundisha mwanawe kwamba simba wakifa miili yao inakuwa majani, na swala wanayala majani hayo. Utaikimbilia Isaya 11, ambako simba atakula majani kama ng'ombe, na utakuwa umejichimbia shimo, maana mtoto yeyote aliyelala vizuri mchana atauliza kama huyo simba wa Isaya atakuwa anamla babu yake. Sema, "Swali zuri, tutalirudia." Usilirudie.

Patamu ni kule msituni. Kijana katoroka kwao na anaishi na nguruwe. Baba mlokole anaona Luka 15 inamjia yenyewe. Punguza kasi. Yule mwana mpotevu aliyatamani hata maganda ya nguruwe na hapakuwa na mtu aliyempa kitu, wakati Simba anapewa na nguruwe mwenyewe, na chakula, na kitanda, na wimbo. Binti yangu aliliona hilo kabla yangu. "Kwa hiyo nguruwe alikuwa na roho nzuri kuliko wale watu?" Niliruka kwa Musa, aliyekimbilia Midiani baada ya kuua, akakaa huko mpaka alipoitwa arudi kwao. Musa ni mahali salama. Hakula wadudu.

Kuhusu wimbo huo wa hakuna matata, shutumu uvivu. Anza kwa kusema kwamba sisi wenyewe husema "hamna shida", na kwamba maneno yale Them Mushrooms wa Mombasa walishayaimba mwaka 1982 katika Jambo Bwana, miaka kumi na miwili kabla ya nguruwe. Hiyo itakupa muda wa kutafuta Mithali 6, mvivu anapotumwa kwa chungu akajifunze bidii. Pumbaa na mwenzake Timon wangemwendea chungu vilevile, wakamla. Kijana wako wa sekondari atakukumbusha Mathayo 6, ambapo Yesu anakataza kuisumbukia kesho. Mtume akaoshe vyombo.

Mufasa akitokea mawinguni una sekunde chache za kuamua. Ukisema ni kama Mathayo 17, sauti kutoka katika wingu, umemfanya simba kuwa Mungu. Ukisema ni kama 1 Samweli 28, Sauli kwa mwanamke wa Endori, umemfanya Rafiki mganga wa kienyeji, na mama watoto atataka kujua kwa nini umewawekea. Mimi nilisema tu kwamba sauti ile ni ya James Earl Jones, ambaye pia alirekodi Agano Jipya akilisoma kwa Kiingereza, kisha nikaenda kuangalia chai.

Funga kwa sala fupi. Sisi tulifunga giza likianza kuingia, mdogo wangu akaaga, nikawaambia watoto wamsindikize kituoni kama ilivyo desturi. Njia ya mkato inakatiza korongoni. Kitindamimba alivaa ndala zake, akafika mlangoni, akasimama.

"Baba mdogo atangulie," alisema.