Jezi Iliyokimbiwa na Wenyewe

Tarehe 13 Aprili 1996, Manchester United waliingia uwanja wa Southampton na jezi za kijivu. Kufikia mapumziko walikuwa wamechapwa 3-0; kocha wao Alex Ferguson akawavua jezi hizo, na lawama ikaangukia rangi, eti wachezaji hawaonani. Mechi ikaisha 3-1 na kijivu kikastaafishwa. Leo wakusanyaji wa jezi za kale wanakisaka kwa udi na uvumba. Ile ya njano ya ugenini ya Arsenal ya 1991 hadi 1993, iliyochekwa kwa kufanana na ndizi iliyopondeka, nayo imepanda cheo. Inaelekea basi njia fupi ya jezi kupendwa uzeeni ni kuaibisha wavaaji wake ingali mpya.

Wakusanyaji watatetea kwamba wananunua historia. Hoja nzuri, ila nyingi ya jezi hizo hazikuwahi kumgusa mchezaji. Ziliuzwa dukani, zikavaliwa na shabiki aliyetoka jasho kwa kupiga kelele tu. Watajibu kwamba ndiyo maana wanakagua lebo, mishono na nembo, wasiuziwe za kughushi. Sawa, matapeli wapo na tahadhari ni haki yao. Lakini ukaguzi wote huo unathibitisha jambo moja: kwamba hii ni nakala ya kweli, si nakala ya nakala. Kwetu nguo kama hiyo hushuka na robota la mitumba, na mnunuzi hukagua kama inamtosha.