Namna ya Kumshauri Mkubwa na Kubaki na Kichwa

Hongera, umeingia barazani. Huenda umeteuliwa kumshauri rais, huenda umechaguliwa udiwani katika kata yenye daraja bovu na zahanati isiyo na dawa. Kazi ni ileile, na ni kongwe kuliko katiba yoyote: kukaa karibu na mwenye uamuzi na kumwambia asilotaka kulisikia, mapema, wakati bado anaweza kugeuza nia. Waliokutangulia wametuachia mafunzo mengi, na kadhaa wao waliyalipia kwa shingo. Yashike haya, uzeeke kazini.

Kwanza kabisa, faulu usaili. Mfano bora ninaoujua ni wa Uchina, mwaka 626. Katika mji mkuu wa Chang'an, mwanamfalme Li Shimin aliwavizia ndugu zake wawili kwenye Lango la Xuanwu, wakauawa. Mmoja alikuwa kaka yake mkubwa, mrithi wa kiti. Mrithi huyo alikuwa na mshauri aitwaye Wei Zheng, ambaye alikuwa amemhimiza bwana wake amuwahi Li Shimin kabla hajawahiwa yeye. Sasa bwana amekufa na mshauri ameitwa mbele ya mshindi. Akaulizwa kwa nini aliwachonganisha ndugu wa damu. Waliokuwapo wakaingiwa na hofu kwa ajili yake. Yeye akajibu kwamba laiti marehemu angemsikiliza, yasingemkuta yaliyomkuta.

Akapewa kazi. Li Shimin alitawazwa mwaka huohuo, historia ikamjua kwa jina la Taizong, na Wei Zheng akabaki katika utumishi wake mpaka alipofariki mwaka 643. Katika miaka hiyo inasemekana alimpinga mfalme zaidi ya mara 200, kwa maneno na kwa maandishi.

Jibu lile la usaili lilikuwa na akili kuliko ujasiri. Mtu anayemkana bwana wake wa jana mbele ya bwana wa leo amekwisha kumwonyesha huyu wa leo jinsi atakavyokanwa kesho. Kwa hiyo ukiulizwa kuhusu mwenyekiti aliyepita, waziri aliyetenguliwa au chama ulichotoka, sema uliyomshauri, sema na alipokataa. Anayekusaili anapima kama una uti wa mgongo, na atauhitaji siku moja.

Ukishapata kazi, kubalianeni masharti. Wei Zheng alimwomba Taizong amjalie kuwa mtumishi mwema, asimfanye mtumishi wa kufia uaminifu. Mfalme akauliza tofauti. Akaelezwa kwamba mtumishi mwema hupata heshima, mfalme wake naye hupata jina jema, na uzao wa wote wawili huendelea. Yule wa kufia uaminifu huangamia pamoja na ukoo wake, mfalme wake hubaki akiitwa dhalimu, nchi huharibika, na faida pekee inayopatikana ni sifa zake yeye marehemu.

Hapo ndipo penye kiini cha mwongozo huu wote. Tunapenda sana kusimulia habari za washauri waliokufa kwa ajili ya ukweli. Thomas More wa Uingereza alikatwa kichwa mwaka 1535 kwa kutokubali kwamba mfalme Henry VIII ndiye mkuu wa Kanisa nchini mwake. Namheshimu kwa moyo wote. Lakini ushauri ni kazi ya mikono, na fundi hupimwa kwa nyumba iliyosimama. Mshauri akifika mahali pa kuchinjwa, maana yake mambo mengi yaliharibika kabla, na mengi kati ya hayo yangeweza kurekebishwa na mtu mwenye subira, hila njema na marafiki.

Sasa tuje kwenye hila njema, maana hapa pana utamu. Taizong alipata kipanga mzuri wa kuwindia, akawa anamchezea mkononi. Akamwona Wei Zheng anakuja kwa mbali. Mfalme wa dola kubwa akaona haya, akamficha ndege ndani ya kanzu yake. Wei Zheng alikuwa amekwisha kuona. Hakumtaja ndege hata mara moja. Alianza kutoa taarifa yake ya kazi, akaivuta, akaizungusha, akaongeza mambo ya wafalme wa kale walioponzwa na starehe, mpaka alipoaga, kipanga alikuwa amekwisha kufia kifuani mwa mfalme.

Jifunze hilo. Mkubwa anayekuficha jambo amekwisha kukubali nusu ya ushauri wako. Iliyobaki ni kumpa muda aikubali nusu ya pili bila kuaibika mbele za watu. Katika baraza la halmashauri hila hii ina sura yake halali. Mradi unaonukia vibaya hauhitaji hotuba ya matusi. Uliza mkataba umesainiwa lini. Omba kuona ramani. Omba mhandisi aeleze upya kifungu cha gharama, taratibu, kwa faida ya wajumbe. Uliza kama wananchi wa eneo husika walishirikishwa na muhtasari wa mkutano huo uko wapi. Kila swali ni la adabu, na mradi ukiwa wa hila hautahimili maswali matano ya adabu.

Usikose pia mtu wa nyumbani. Siku moja Taizong aliingia kwake akifoka kwamba lazima atamuua yule mshamba, maana kila kikao anamwaibisha. Malkia Zhangsun akatoka kimya, akarudi amevaa mavazi rasmi ya sherehe. Mfalme akashangaa. Malkia akamwambia amekuja kumpongeza, kwa kuwa watumishi huwa wakweli pale tu mfalme anapokuwa mwema. Hasira ikayeyuka. Wei Zheng alikuwa na kipaji, lakini siku ile uhai wake ulikuwa mikononi mwa mwanamke mmoja mwenye busara. Kumbuka hili unapowapita bila salamu watu wa ofisi ya mkurugenzi.

Tukivuka bahari hadi Uingereza, tunakuta funzo la pili kwa ukubwa: usiwe mshauri peke yako. Thomas Cromwell, mtoto wa mhunzi wa Putney, alipanda mpaka akawa mkono wa kuume wa Henry VIII. Karibu kila jambo la serikali lilipita mezani kwake. Aprili 1540 alipewa cheo cha Earl wa Essex. Juni 10 mwaka huohuo alikamatwa akiwa kwenye kikao cha baraza, na baadhi ya wenzake wa mezani wakimwita msaliti. Hakupelekwa mahakamani. Alihukumiwa kwa sheria ya bunge iliyomtaja kwa jina, njia ambayo yeye mwenyewe aliwahi kuitumia dhidi ya wengine. Julai 28 akakatwa kichwa, na siku hiyohiyo mfalme akafunga ndoa na Catherine Howard.

Wengi huishia hapo wanaposimulia habari za Cromwell. Mimi navutiwa zaidi na tarehe 10 Agosti, siku kumi na tatu baada ya kifo chake. Siku hiyo Baraza la Siri la mfalme lilimteua katibu, William Paget, na kufungua daftari la kumbukumbu za vikao vyake. Watu waliokuwa wamebaki mezani walikuwa wametoka kushuhudia mwenzao akianguka. Kuanzia hapo, aliyehudhuria ameandikwa, lililoamuliwa limeandikwa, na barua inatoka kwa baraza zima. Ni vigumu kumkata kichwa mtu mmoja kwa uamuzi wenye majina kumi chini yake. Kama unataka kujua silaha ya diwani ni nini, ni hiyo: daftari la muhtasari.

Yako mafunzo madogo ya kupitia haraka. Usijaze ofisi ndugu zako. Nizam al-Mulk aliwatumikia masultani wawili wa Seljuk kuanzia mwaka 1064, akaanzisha madrasa kubwa ya Baghdad, akaandika kitabu cha utawala kinachosomwa hadi leo, Siyasatnama. Lakini wanawe na jamaa zake walikalia vyeo kila upande, na hilo likachochea ugomvi kati yake na Sultan Malik Shah. Mwaka 1092 akachomwa kisu akiwa safarini, na aliyemuua alimjia kwa sura ya mcha Mungu. Sultani naye akafariki majuma machache baadaye, wana wa sultani wakaanza kupigania kiti. Wala usidhani miaka mingi kazini ni kinga. Apolo Kagwa alikuwa Katikkiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda kuanzia 1889, akaongoza Lukiiko, baraza ambalo mkataba wa mwaka 1900 ulilipatia wajumbe 89, na akabaki katika cheo hicho kwa miongo mitatu na zaidi. Mwaka 1926 alijiuzulu baada ya mvutano na ofisa mmoja wa kikoloni ulioanzia kwenye vibali vya pombe. Jambo dogo lisimamie kwa nguvu kiasi chake tu, ubakize nguvu za jambo kubwa.

Sasa, pamoja na hila zote hizi, siku moja utaondolewa. Au litafutwa baraza zima pamoja nawe. Hapo historia ina kawaida moja inayonigusa sana: wakubwa huwakumbuka washauri wao wakati hawapo.

Wei Zheng alipofariki, Taizong alilia, akasema amepoteza kioo kilichomwonyesha makosa yake. Muda mfupi baadaye fitina zikamfikia, akaamuru jiwe la kumbukumbu lililosimamishwa kaburini livunjwe. Mwaka 645 akaenda kuipiga Goguryeo, kaskazini mwa Korea. Vita ikamshinda, baridi ikawaua askari wake. Akasema kwamba Wei Zheng angekuwa hai asingemwacha aende safari ile, akaagiza jiwe lisimamishwe tena. Henry VIII naye, miezi michache baada ya kumuua Cromwell, aliwalaumu waliomchongea, akidai walimpotezea mtumishi mwaminifu kuliko wote aliowahi kuwa nao.

Mfano wa tatu ni wa kwetu. Mwaka 1972 Tanzania ilivunja halmashauri za wilaya, na za miji zikafuata. Mpango uliitwa madaraka mikoani, na nia yake ilikuwa njema: kuipeleka serikali karibu na wananchi na kuharakisha maendeleo. Washauri wa kampuni ya Marekani, McKinsey, walishiriki kuuandaa. Kilichofika mikoani kilikuwa watumishi wa serikali kuu, wengi wasomi na wachapakazi, waliohamishwa kwa barua na kuondoka kwa barua. Diwani aliyekuwa akigongewa mlango usiku na jirani mwenye bomba lililokauka hakuwapo tena. Huduma za miji zikadorora kiasi kwamba mwaka 1978 ilibidi itungwe sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Sheria za 1982 zikazirudisha kwa upana zaidi, na kufikia 1984 madiwani walikuwa wamerudi vitini.

Mwaka huohuo wa 1984, Mwalimu Nyerere aliulizwa katika mahojiano ni yapi angefanya tofauti kama angeanza upya. Akataja mawili: asingefuta serikali za mitaa, wala asingevunja vyama vya ushirika. Sijui kiongozi mwingine wa Afrika wa kizazi kile aliyesema waziwazi hivyo akiwa bado madarakani. Anayemdharau diwani kwa sababu ni wa kata tu, na asome maneno yale: dola zima lilijaribu kuishi bila diwani kwa miaka kadhaa na likashindwa.

Kwa hiyo wewe mheshimiwa mpya, jiandae kwa kikao chako cha kwanza. Makabrasha yatakufikia yakiwa mazito na muda ukiwa mfupi. Anza na taarifa ya fedha, kisha hoja za Mkaguzi Mkuu, kisha kata yako. Ongea na madiwani wawili watatu kabla, hata wa chama kingine, ili swali lako lipate wa kuliunga mkono. Waulize wakuu wa idara kwa heshima, kwa sababu wengi wao wanajua ukweli na wanangoja aulize mwenye kinga ya kura. Wenzako watakapokuwa wanaitikia ndiyo kwa sauti moja kwenye jambo usilolikubali, simama, sema hapana, toa sababu mbili, uombe iandikwe kwamba mjumbe huyu alipinga. Halafu kaa chini. Kazi ya siku hiyo umeimaliza.

Baada ya miezi mitatu mtakutana tena. Moja ya ajenda za mwanzo itakuwa kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Wengi hufunua kurasa bila kusoma. Wewe soma mpaka ufike kwenye mstari wako, na kama haupo, nyosha mkono kabla mwenyekiti hajatia saini.